Uzi Umekufa

Mume wangu Laurenti hajawahi kutengeneza kitu kikatengenezeka. Redio ya mama yake aliifungua Morogoro akiwa na miaka kumi na miwili, na familia ilipohama kuja huku, redio ile ilisafiri ndani ya mfuko wa plastiki, vipande vipande. Bomba la jikoni kwetu hapa Bellevue alilikaza mpaka likakatika, tukachota maji kwa jirani siku tatu. Ukimwambia aite fundi, anakutazama kana kwamba umemtukania wazazi. Fundi ni yeye. Amekuwa fundi miaka yote niliyomjua, na sijaona hata kijiko alichokinyoosha kikanyooka.

Baba yake alikuwa Mwafrika Kusini, mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania enzi za makaburu. Mama yake ni Mluguru kama mimi. Laurenti alizaliwa kule, akaja Johannesburg akiwa kijana, wakati wakimbizi wa siasa waliporuhusiwa kurudi kwao. Huyo baba mtu, Mungu amrehemu, hakushika bunduki hata siku moja. Kambini kule Tanzania alikuwa mtunza stoo, kazi yake maharage na mafuta ya kupikia. Lakini hapa mtaani ukisema baba yako alirudi kutoka uhamishoni, watu wanakuongezea bunduki wao wenyewe, na Laurenti hakuwahi kuwazuia. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia kinyozi wa Yeoville kwamba "mzee alikuwa mtu wa silaha". Mzee alikuwa mtu wa maharage.

Laurenti mwenyewe alikuwa mlinzi mwenye silaha kwenye ghala moja la jumla kusini mwa jiji. Bunduki ya kazini ilibaki kazini. Kila jioni aliisaini kwenye daftari, akapanda taksi na kurudi nyumbani na kibakuli chake cha chakula. Hilo lilimuuma. Mtu mwenye mabega kama yale, anasema, kutembea mikono mitupu.

Halafu ikaja Mei 2008, wageni walipokuwa wakipigwa na kufukuzwa, na kundi moja likafika hadi kwenye kona yetu. Jirani yetu Nomsa, mjane mzaliwa wa hapahapa ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu, alitoka na ufagio na kusimama getini. Akawaambia nyumba zote mbili ni za watoto wake. Mimi nilikuwa chini ya meza ya cherehani. Laurenti, mwenye kitambulisho cha kijani cha raia na Kizulu cha kutosha, alikuwa amejifungia chooni. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Mwaka uliofuata akaniambia anataka kununua bastola ya kulinda familia.

Nchi hii haikupi bastola kama mkate. Alisoma kozi, akafanya mtihani, akafunga sefu ya chuma kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Sefu ilifungwa na mtu wa duka, ndiyo maana ipo hadi leo. Polisi walikuja kuikagua, wakagonga kwa Nomsa kumuuliza kama jirani yake ni mlevi au mgomvi. Nomsa akamsifia mpaka nikaona haya mimi.

Ikaja bastola yenyewe, ya zamani, ya Kimarekani, wanaiita fotifaivu, nzito kama pasi ya mkaa. Sikumbuki aliwahi kuifyatua hata mara moja. Aliilea. Kila Jumamosi aliitoa kwenye sefu, akazifungia risasi humohumo, kwa hilo nampa sifa, akaiweka kwenye meza yangu ya jikoni na kuipangusa kwa kitambaa laini kuliko vyote nilivyo navyo. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nikishona sare za kwaya na magauni ya maharusi, yeye jikoni akibembeleza chuma. Mgeni asiyejua angesema kuna mtoto mchanga.

Agosti 2011 akagundua kwamba skrubu za mpini zina kutu. Kutu yenyewe nilitafutiwa kwa kioo cha kukuzia nikaonyeshwa, na bado nadhani ilikuwa uchafu. Kwa wiki tatu mfululizo, asubuhi na jioni, hatukula chakula bila skrubu. Nikajifunza kwa lazima. Mpini wa bastola ile una vibao viwili, kimoja kila upande, na kila kibao kinashikwa na skrubu mbili. Lakini skrubu haiingii moja kwa moja kwenye chuma cha bastola. Inaingia kwenye bushi, kipete kidogo kuliko kifungo cha shati, chenye uzi nje na uzi ndani. Uzi wa nje unauma kwenye bastola, uzi wa ndani unapokea skrubu. Kwetu Tanzania fundi yeyote, awe wa baiskeli au wa lori, ile mistari inayozunguka kwenye skrubu anaiita uzi. Ikilika, anasema uzi umekufa. Naomba ulishike neno hilo, maana ndilo lililotuletea polisi.

Muuza silaha alimuuzia seti mpya, skrubu nne na bushi nne, zinazong'aa, akamwambia kwa kutengeneza wanaye fundi wao mwenye leseni. Laurenti akacheka. Aliniigizia jikoni jinsi alivyocheka. Fundi wa nini, kwa skrubu nne?

Jumamosi hiyo Fiona, binti yetu, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Laurenti akaja chumbani kwangu, akavuta droo ya cherehani, akachukua bisibisi yangu ndogo. Nikamwambia ile ni ya skrubu ya sindano, ulimi wake ni mwembamba, hautajaza mfereji wa skrubu ya bastola. Akaniambia mambo ya bastola niwaachie wanaume. Baada ya dakika tatu nikasikia bisibisi inateleza, kisha tusi la Kizulu. Ikateleza tena. Nilipokwenda kuchungulia, vichwa vya skrubu mbili vilikuwa vimetafunwa na kibao cha kushoto kina mkwaruzo mrefu kama njia ya konokono. Akasema ule mkwaruzo ulikuwepo.

Skrubu ya kwanza ilipokubali kutoka, ilitoka na bushi yake imeng'ang'ania. Fundi angesimama hapo akafikiri. Laurenti alifurahi, akasema imemrahisishia kazi. Ya pili nayo ikatoka hivyohivyo. Upande wa kulia skrubu zikagoma, akaziacha, akasema kulia hakuonekani sana. Mtu anayetumia mkono wa kulia, kibao cha kulia ndicho kinachotazama watu. Lakini mimi ni mwanamke, sijui mambo ya bastola.

Akachukua bushi mpya kuiingiza. Kitu kidogo namna ile kinaingizwa kwa ncha za vidole, kwa subira, mpaka uzi ujue njia yake. Yeye aliishika kwa koleo. Ikaingia kombo. Ikawa ngumu, akadhani ndiyo kukaza kwenyewe, akaongeza nguvu. Niliisikia kutoka kwenye cherehani, sauti ndogo, kama mtu aliyetafuna mchanga. Ya pili akaifanya vilevile, kwa sababu kosa moja halimtoshi. Kisha akaichomoa moja, ikatoka na vinyuzi vya chuma laini, chuma cha bastola yenyewe.

Mtu mwingine angefunga duka. Yeye alikumbuka mafundi bomba. Aliwahi kuwaona wakizungushia uzi kwenye bomba ili lisivuje. Akaja kimyakimya, akachukua kibunda cha uzi wa waridi nilichokinunua kwa ajili ya magauni ya wasimamizi wa harusi, akazungushia kwenye bushi, akadondoshea gundi kali, akasukuma ndani. Gundi ikashika vidole vyake viwili kwanza. Ilipokauka, bushi ilikuwa imekaa upande, na nywele za waridi zimechomoza pembeni. Bastola ya mtu wa silaha. Nilicheka hadi nikaukosa mshono, na sikumficha kicheko changu. Nilimdharau siku ile waziwazi na niliona raha kumdharau.

Ndipo akampigia simu Gervais.

Gervais ni Mrundi, fundi wa kukereza vyuma, mwenye mashine yake kwenye karakana ya chini ya ghorofa moja Doornfontein. Alijifunza kazi Bujumbura, na mpe chuma chochote atakurudishia kipimo ulichotaka, bila neno la ziada. Alikuja kwangu mara ya kwanza kupunguza suruali, wakafahamiana na Laurenti, na sijui aliona nini kwa Laurenti lakini alimpenda. Karatasi yake ya ukimbizi aliibeba ndani ya plastiki kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Kila ilipokaribia kuisha alikwenda kupanga foleni alfajiri kwenye ofisi ya wakimbizi, na mara nyingine alirudi hajafika hata mlangoni. Alivuka barabara kwa kungoja robot, ile taa ya barabarani, hata pasipo na gari. Polisi akimwangalia tu, alishusha sauti.

Simu kwetu inashika vizuri uani, kando ya ukuta wa Nomsa. Laurenti akasimama pale akapaza sauti, maana yeye huamini Doornfontein ni mbali.

"Gervais, uzi umekufa," alisema.

Warundi na Wakongo kitu hicho wanakiita kwa Kifaransa, filetaji. Kwa Gervais uzi ni uzi wa nguo. Akamwambia basi amuulize Mama Fiona, si ndiye fundi wa nguo? Laurenti akapandwa na hasira. Si uzi wa nguo, akasema, uzi wa bastola. Uzi wa kushoto umekufa kabisa. Uzi, bwana, uzi! Nataka uzi mwingine leo hii. Alilirudia neno hilo mara kumi, mara ishirini, na kila mara akilifuatisha na kufa, umekufa, zimekufa zote mbili, mpaka Gervais akaelewa kwamba anazungumzia zile bushi alizochoshwa nazo wiki tatu kwenye simu. Akasema atatengeneza mbili za shaba, nene kidogo, aje azilete. Akauliza kipimo. Laurenti akaja akachukua futi yangu ya kupimia viuno vya watu, akakipima kitundu cha bastola kwa futi ya kitambaa, akamsomea. Kwa bahati nzuri Gervais hakukisikiliza kipimo hicho, akaja na ukubwa wa aina tatu.

Alifika saa nane mchana. Akavua kofia, akanisalimu, akauliza habari za mtoto. Kisha akasimama mbele ya meza ya jikoni na mikono yake ameifumba nyuma, kama mtu aliyeko kwenye duka la vyombo vya udongo.

"Papa Fiona, mimi hiyo kitu sishiki," alisema. "Niko na karatasi ya ukimbizi tu. Nitaangalia na macho."

Laurenti akamcheka, akamwambia hakuna risasi. Gervais akarudia kwamba ataangalia kwa macho. Akainama, akatazama kwa kile kioo cha kukuzia, akaona uzi wa waridi. Alifunga macho kidogo, kama mtu aliyeona maiti ya mtu anayemfahamu. Halafu akasema lazima gundi itoke kwanza, na gundi ile inatolewa na asetoni, hiyohiyo wasichana wanayofutia rangi ya kucha. Ikishatoka, Laurenti aipeleke bastola kwa fundi mwenye leseni, aende na hizi bushi za shaba kama zitamfaa, na asiiguse tena. Mimi chumbani nikaitikia kwa moyo wangu wote.

Laurenti akasema asetoni ipo spaza, kile kiduka cha kwenye kona, dakika tano. Akavaa viatu. Gervais akamwambia aifungie kwanza kwenye sefu. Laurenti akasema mtu haifungi bastola ambayo mpini wake umefunguliwa, vitu vidogo vitapotea, na wewe upo, na mke wangu yupo. Akaondoka.

Gervais akaja mlangoni pangu. Akaniambia, "Mama Fiona, acha ningoje nje kwenye geti."

"Kaa ndani, bwana," nikamwambia. "Nani atakuja? Chai iko jikoni inachemka."

Yeye ni mtu wa heshima. Akarudi akakaa.

Upande wa pili wa ukuta, Nomsa alikuwa ameshapiga simu polisi. Baadaye alikuja kwangu akilia na kunieleza, na siwezi kumlaumu. Kiswahili hakijui, hajui hata neno. Lakini Uzi anaijua, kila mtu wa jiji hili anaijua, ile bunduki fupi ya majambazi wanaoteka magari ya pesa. Na kufa kwa Kizulu ni kufa. Ukuta mzima asubuhi ile ulikuwa Uzi na kufa, Uzi na kufa, kwa sauti ya mwanamume mwenye hasira, na saa nane akaona mwanamume mwingine anaingia na kifurushi kidogo kizito. Alidhani Laurenti ametishwa na watu wabaya. Alipiga kutuokoa.

Waliingia wanne. Sikusikia hodi kwa sababu ya cherehani, nilisikia kiti kikianguka. Nilipofika jikoni, Gervais alikuwa kifudifudi sakafuni na goti la konstebo mgongoni mwake, na karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa mkononi mwa konstebo mwingine, aliyekuwa akiishika kwa ncha kama kitu kilicholowa. Sajini, mtu mnene wa makamo, aliniuliza kwa Kizulu Uzi iko wapi.

Nilimwambia uzi upo mwingi. Wallahi sikuwa nafanya mzaha, mdomo ulijibu kabla yangu. Nikawapeleka kwenye cherehani nikawafungulia droo. Mweupe, mweusi, wa waridi, wa buluu ya sare. Nikawaeleza kwamba kwa lugha yetu uzi ndio huu, na kwamba mume wangu alikuwa akizungumzia uzi wa skrubu. Sajini alitazama droo kwa muda. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Akasema eish, akaita wenzake waje waone, na wote wakacheka, na mimi nikacheka nao nikidhani yamekwisha.

Tukarudi jikoni. Gervais bado alikuwa chini. Sajini akaacha kucheka, akainyanyua bastola kwa kitambaa changu laini, akaiangalia namba. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya mume wangu, ana leseni, leseni ipo. Akauliza mume yuko wapi. Nikasema ametoka. Akamtazama Gervais, akaitazama bastola, kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeandika.

"Mama, nani aliitoa hii kwenye sefu?"

Nilijua sheria, maana ilisomwa mezani kwangu wakati wa kozi. Mwenye silaha akiiacha bila kuifungia na kuondoka, anaweza kunyang'anywa leseni na kutangazwa kuwa hafai. Akishatangazwa hafai, hata bunduki ya kazini hawezi kuishika, na kazi imekwisha. Kodi ya nyumba, shule ya Fiona, vyote vilikuwa kwenye mshahara ule. Na mkimbizi akikutwa peke yake na bastola ya mtu ambayo haikutolewa na mwenyewe, huyo haulizwi mengi. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, yamepangika, na sikuhitaji hata dakika.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nashona."

"Mumeo huifungia?"

"Siku zote."

Gervais aliinua kichwa kutoka sakafuni. Kizulu anakisikia vizuri. Alinitazama tu, shavu lina vumbi la sakafu yangu. Nikageuka kuzima jiko, chai ilikuwa imemwagika.

Laurenti akaingia. Alikuwa na kichupa cha asetoni mkononi na vidole vyake viwili bado vina maganda ya gundi. Alipowaona polisi, rangi ilimtoka. Nimeishi naye miaka kumi, namjua akiogopa, mdomo wa chini unalegea. Sajini hakumpigia kelele. Alimweleza kwa upole, tena nadhani alimhurumia, maana alishaona kwamba ni mlinzi mwenzake wa aina fulani. Akamwambia wamemkuta mgeni huyu na bastola yake. Akamwambia, mkeo anasema wewe huifungia siku zote. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, alichotakiwa ni kupita. Aitikie tu kwa kichwa.

Laurenti alinitazama. Sikuyakwepa macho yake, nilimkazia, nikimwomba kimoyomoyo kwamba mara hii moja awe na akili. Nilikuwa na hakika naye. Mtu anayejifungia chooni, nilisema moyoni, leo choo chake ni uongo wangu.

Akaweka kichupa mezani.

"Mke wangu hakuona," alisema. "Niliitoa mimi. Nikaiacha mezani mimi, nikaenda dukani. Huyu aliniambia niifungie."

Sajini akamuuliza kama anajua anachokisema. Laurenti akasema anajua. Akaongeza kwamba hata ile kazi kwenye mpini ni yake, huyu bwana hajaigusa, mwangalieni mikono. Konstebo akamwinua Gervais akamtazama mikono. Ilikuwa safi. Akamrudishia karatasi yake. Gervais akaipangusa kwa kiganja, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, na kuirudisha kwenye plastiki.

Wakaitia bastola kwenye mfuko, na uzi wake wa waridi, wakamchukua Laurenti kituoni. Alirudi jioni hiyohiyo kwa basi. Miezi ikapita, akaitwa kwenye kikao, akatangazwa hafai kwa miaka mitano. Kazi ya ghala ikaisha kabla hata ya kikao. Sasa anakaa getini kwenye nyumba ya wanafunzi Doornfontein, na daftari la wageni na filimbi. Anawaambia wanafunzi kwamba yeye aliachana na silaha kwa hiari yake. Mwezi uliopita aliifungua birika ya umeme kwa sababu ilikuwa inachelewa kuchemka, na sasa haichemki kabisa. Ni mpumbavu yuleyule, na kile kibao cha kushoto cha mpini anacho bado kwenye kisanduku, eti siku moja.

Kuhusu nilichomjibu sajini, hajaniuliza hata mara moja. Ningependa aniulize, nimkasirikie, nimwambie nilifanya kwa ajili yake na mtoto. Anakula, anasema chakula kizuri, anakwenda kulala.

Wateja wangu wakija kupimwa huniomba niwasimulie habari ya uzi. Nawasimulia bisibisi, koleo, futi ya kitambaa, Nomsa na simu yake, droo ya nyuzi. Wanacheka mpaka pini zinawachoma. Naishia kwenye droo. Baada ya hapo nawaambia wageuke nipime mgongo.

Gervais bado ni rafiki wa Laurenti, wanakunywa chai pale getini karibu kila siku. Kwangu hapiti, na suruali zake anampelekea fundi mmoja Mkongo huko Yeoville. Nilikutana naye wiki iliyopita, tumesimama wote wawili kwenye robot tukingoja kuvuka. Alivua kofia, akanisalimu vizuri kama zamani. Akaniuliza hali ya Laurenti, akaniuliza hali ya Fiona. Yangu hakuiuliza.